Wimbo Una Mwenyewe, Dansi Je?

Kila wimbo mpya unapovuma kwa sababu ya chalenji ya kucheza, mabishano yaleyale hurudi. Wapo wanaodai kwamba aliyebuni staili ameibiwa, kwani msanii anakula shoo mikoani huku yeye akiambulia pongezi. Wapo wanaojibu kwamba hakuna anayemiliki kukata kiuno, na kwamba bila wimbo wale madansa wasingejulikana hata mtaa wa pili. Wengine huitaja hakimiliki kana kwamba ni hirizi: kasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, au KECOBO kama uko Kenya, mambo yatanyooka. Katika kelele hizo vitu vitatu huchanganywa, yaani kutajwa jina, kumiliki kazi na kulipwa. Mtu anaweza kutajwa asilipwe, akalipwa bila kumiliki chochote, au akamiliki kabisa kwa mujibu wa sheria na bado asipate hata nauli. Nitavitenganisha vitatu hivyo na kupima hoja za kila upande. Ninachokiona mimi ni kwamba shida ya mbunifu wa dansi haitokani hasa na upungufu wa sheria. Inatokana na namna mitandao ya video fupi ilivyoundwa kuuhesabu wimbo na kutoihesabu hatua, na kwa hiyo dawa yake haiwezi kuwa kufungia hatua zenyewe.

Staili zilisafiri kabla ya simu

Mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa Lamu na Mombasa waliibua ngoma ya beni, wakiiga bendi na gwaride la wanajeshi wa Kizungu, wakagawanyika katika vyama vilivyoshindana kwa mavazi, vyeo na umahiri. Vyama vya Marini na Arinoti vilienea Tanganyika, kisha Vita Kuu ya Kwanza, kwa kuwakusanya askari na wapagazi kutoka kila upande, ikausukuma mtindo huo hadi nchi tunazoziita leo Malawi na Zambia. Mwanahistoria Terence Ranger aliufuatilia mwendo huo katika kitabu kizima kilichotoka mwaka 1975. Beni isingefika mbali vile kama kila mji uliotaka kuiiga ungelazimika kwanza kuomba ruhusa Lamu. Lakini kulikuwa na jambo la pili ambalo watetezi wa kuiga bure hulisahau: katika ngoma za pwani sifa na tuzo zilipatikana palepale uwanjani. Aliyecheza vizuri alituzwa mbele ya watu waliomjua kwa jina na kwa mtaa wake.

Simu ilibakiza lile la kwanza, kuiga bila kuomba ruhusa, na kulivunja la pili, ingawa si mara moja. Mwaka 2014, TikTok ikiwa haijazaliwa, watoto wa Kampala walicheza wimbo wa Eddy Kenzo, "Sitya Loss", na video yao ikauzungusha wimbo huo dunia nzima. Mwaka uliofuata Kenzo alichukua tuzo ya BET. Watoto hao, waliokuja kujulikana kama Ghetto Kids, walitokea katika video ya French Montana mwaka 2017 na wakafika fainali ya Britain's Got Talent mwaka 2023. Kilichowabeba ni kwamba video iliyovuma ilikuwa na sura zao ndani yake. Watu walizipenda hatua pamoja na wachezaji, bila kuvitenga.

Chalenji za leo zimevitenga. Baada ya kampuni ya ByteDance kuiunganisha musical.ly na TikTok mwezi Agosti 2018, kisha Instagram kuleta Reels mwaka 2020 na YouTube kufuata na Shorts, kinachosafiri ni staili, na kila anayeiposti huweka sura yake mwenyewe. Corona ilipowafungia watu ndani mwaka huohuo, Wakenya walicheza "Utawezana" ya Femi One na Mejja sebuleni na jikoni, kila mmoja na yake. Mfumo unaochagua video za kumwonyesha mtazamaji haujali nani alianza. Unaangalia ni video ipi inayowashika watu mpaka mwisho, na mara nyingi hiyo ni ya mtu mwenye wafuasi tayari, kamera nzuri na sebule yenye mwanga.

Msichana wa Georgia na staili iliyompita

Kisa kilichowafumbua wengi macho ni cha Jalaiah Harmon, msichana wa miaka 14 kutoka viunga vya Atlanta, jimbo la Georgia, Marekani. Septemba 2019 alibuni mfululizo wa hatua za haraka na ngumu kwa kipande cha wimbo "Lottery" wa K Camp, akauposti Funimate na baadaye Instagram. Mwezi uliofuata staili hiyo ilihamia TikTok kupitia watu wengine, ikaitwa Renegade, na Charli D'Amelio, aliyekuwa na wafuasi mamilioni, akawa ndiye sura yake. Jalaiah aliandika kwenye maoni kwamba staili ni yake, hakuna aliyemjali. Ilibidi gazeti la New York Times lichapishe habari yake Februari 2020 ndipo akaalikwa kucheza katika tamasha la NBA All-Star mjini Chicago siku chache baadaye.

Kisa hiki hutumiwa kama ushahidi wa wizi, nami sina ugomvi sana na neno hilo, ila linaficha jinsi tukio lenyewe lilivyokwenda. D'Amelio hakulazimika kumdhulumu mtu yeyote kwa makusudi. Alikutana na staili ikiwa imeshakatwa kutoka kwa mwenyewe, akaicheza kama walivyoicheza maelfu ya wengine. Njia ya kurudi kwa mbunifu haikuwapo ndani ya programu. Aliyeijenga ni mwandishi wa gazeti, kwa kuulizauliza na kulinganisha tarehe za video. Wabunifu wangapi wa Manzese, Kayole au Katwe watapata mwandishi wa kuwafanyia kazi hiyo?

Fedha hufuata kinachohesabika

Ukifungua video yoyote ya chalenji kwenye TikTok utaona pembeni chini, upande wa kulia, kisahani kidogo kinachozunguka. Ukikigusa unapelekwa kwenye ukurasa wa sauti: jina la wimbo, jina la msanii, na idadi ya video zilizotengenezwa kwa sauti hiyo. Kisahani hicho ni mlango wa biashara nzima. Kwa kupitia namba ile, kampuni ya muziki inajua wimbo umetumika mara ngapi, inadai leseni, na promota anaamua kama msanii anafaa kujaza uwanja Mwanza au Kisumu. Hatua za mwili hazina kisahani. Video 100,000 zinaweza kurudia mkono uleule na goti lilelile, na mahali pote zitahesabiwa kuwa matumizi ya wimbo.

Nguvu ya utaratibu huo ilionekana waziwazi mwanzoni mwa mwaka 2024. Universal Music Group na TikTok walishindwa kuelewana kuhusu malipo, na kuanzia Februari nyimbo za kampuni hiyo zikaondolewa. Video za zamani hazikufutwa, zilinyamazishwa. Watu walifungua chalenji walizozipenda wakakuta wachezaji wanarusha mikono bila sauti yoyote, hadi makubaliano mapya yalipopatikana mwezi Mei. Kampuni moja ya muziki iliweza kunyamazisha video nyingi za mtandao huo na kurudi mezani ikiwa na nguvu. Hebu fikiria madansa wote wa Afrika Mashariki wakigoma siku moja: hakuna kitufe cha kuondoa staili zao. Wabunifu Weusi wa Marekani walijaribu kitu cha namna hiyo Juni 2021, walipokataa kutunga staili ya wimbo wa Megan Thee Stallion, "Thot Shit". Mgomo ule ulizungumzwa sana na ulionyesha jinsi chalenji zinavyowategemea, ila haukubadili namna fedha zinavyogawanywa.

Hoja ya kwanza: ngoma ni ya wote

Upande huu una historia nyuma yake. Dansi hujengwa juu ya dansi. Singeli, amapiano na hizo zinazoitwa staili mpya zimebeba mabega, viuno na nyayo za watu waliozitangulia, na mbunifu anayedai hatua nane ni zake peke yake huenda sita kati ya hizo alizichota mtaani. Kuna pia faida ya umma. Juni 2024 vijana wa Kenya walioandamana kupinga Mswada wa Fedha waliugeuza "Anguka Nayo" wa Wadagliz kuwa wimbo wao wa barabarani, wakiucheza pamoja wakiwa hawajuani. Hakuna anayetaka dunia ambayo umati ule ungehitaji kibali ili kucheza.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inadai uhuru wa dansi peke yake huku kila kitu kinachoizunguka kikiwa na mwenyewe. "Jerusalema" ya Master KG na Nomcebo Zikode inalionyesha hili vizuri kuliko wimbo mwingine wowote. Wimbo ulitoka mwaka 2019; kilichoupeleka kila bara ni video ya Februari 2020 ya kundi la Fenómenos do Semba la Luanda, Angola, ambapo wachezaji wanakula uani na sahani zao mkononi, wanaanza kucheza mmojammoja mpaka wanakuwa safu moja, na sahani hawaziachi. Rais Ramaphosa aliwahimiza Waafrika Kusini kuicheza Siku ya Urithi, Septemba 24, 2020. Manesi, watawa na polisi wa Ulaya wakairudia. Kisha mwaka 2021 tawi la Ujerumani la Warner Music likazidai taasisi zilizotengeneza video hizo ada za leseni, na wizara ya mambo ya ndani ya jimbo la North Rhine-Westphalia ikalipa kwa ajili ya polisi wake. Madai yalihusu muziki. Hatua za Luanda, ambazo ndizo zilizowafanya polisi hao washike kamera, hazikuwa na mstari wowote kwenye ankara. Kwa hiyo anayesema "ngoma ni ya wote" katika mazingira haya anasema, pengine bila kukusudia, kwamba mchango wa mchezaji uwe sadaka kwa mwenye wimbo. Na hata upande wa wimbo mambo hayakuwa shwari: Nomcebo mwenyewe alilalamika hadharani mwaka huohuo kwamba hajalipwa haki yake.

Hoja ya pili: hatua zipewe hakimiliki

Wanaoitaka hakimiliki mara nyingi hawajui kwamba tayari ipo. Mkataba wa Berne, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, unazitaja kazi za dansi zilizotungwa miongoni mwa kazi zinazolindwa, na unasema ulinzi hautegemei usajili. Sheria ya Tanzania ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo inazitambua. Kikwazo kipo kwenye ukubwa wa kazi. Hakimiliki hulinda utungo, haigusi hatua mojamoja, kama isivyompa mtu yeyote umiliki wa noti moja ya muziki. Chalenji ya sekunde 15 yenye hatua zinazorudiwa iko kwenye mpaka wa hayo mawili.

Mahakama na ofisi za Marekani zimeuchimba mpaka huu kuliko wengine. Alfonso Ribeiro, mwigizaji wa The Fresh Prince of Bel-Air, alitaka kusajili ile dansi yake maarufu ya Carlton ili kuishitaki Epic Games, waliokuwa wameiuza ndani ya mchezo wa Fortnite. Mwaka 2019 Ofisi ya Hakimiliki ilikataa, ikisema ni mfululizo mwepesi mno wa hatua, na kesi ikaondolewa. Ikaonekana kwamba mlango umefungwa. Lakini Kyle Hanagami, mtunzi wa dansi aliyekuwa amesajili utungo wake wa mwaka 2017 kwa wimbo "How Long" wa Charlie Puth, naye aliishitaki Epic kwa kipande cha sekunde kama mbili. Alishindwa katika mahakama ya kwanza. Novemba 2023 mahakama ya rufaa ikairudisha kesi, ikieleza kwamba dansi haipimwi kwa kuhesabu mikao iliyogandishwa: mwendo, mpito kati ya mkao na mkao, muda, kasi na marudio navyo ni sehemu ya utunzi. Pande mbili zilimalizana nje ya mahakama mwaka 2024, kwa hiyo hukumu ya mwisho hatukuipata.

Kwa mchezaji wa Dar es Salaam au Nairobi, somo la kesi hizo ni chungu kidogo. Hanagami alikuwa na utungo mrefu, usajili, mawakili, na mshitakiwa mmoja tajiri mwenye anwani. Mbunifu wa chalenji ana video fupi, ushahidi wa tarehe ya kuposti, na waigaji laki moja. Hata akishinda, amshitaki nani, mwanafunzi wa Dodoma aliyecheza baada ya masomo? Kuna hatari nyingine kubwa zaidi. Ukipunguza kigezo ili hatua chache zipate ulinzi kamili, watakaofaidi kwanza watakuwa wenye uwezo wa kusajili kwa wingi, yaani kampuni za michezo, lebo na mawakala. Staili za mitaani zingeweza kufungiwa na watu wasiozibuni, na mitandao ingeweka mashine za kuzitambua na kuziondoa, kama zinavyofanya leo kwa nyimbo. Mtoto wa Tandale angeondolewa video kwa staili iliyoanzia kwao.

Hoja ya tatu: kutajwa kunatosha

Machi 2021 nyota wa TikTok Addison Rae alicheza staili nane za mtandao huo katika kipindi cha televisheni cha Jimmy Fallon, Marekani, pasipo wabunifu kutajwa hewani. Malalamiko yakawa makubwa, na baada ya muda Fallon akawakaribisha wabunifu wenyewe. Mwaka 2022 TikTok ikaweka njia ya kuambatanisha video ya asili unapoposti. Hoja hii ina faida moja kubwa: haimzuii mtu kucheza. Jina lina thamani, kwani Jalaiah alipotajwa tu, milango ilifunguka. Ila utaratibu wa hiari humtegemea mwigaji, na mwigaji wa elfu kumi hajui tena mwanzo ulikuwa wapi. Tena mtu akishatajwa, mwenye nyumba bado anasubiri kodi. Mfuko wa TikTok unaowalipa waundaji maudhui uko katika nchi chache, na huhitaji video za zaidi ya dakika moja. Dansi ya sekunde 15 kutoka Tabora inakosa sifa mara mbili.

Mizani

Nikizipima hoja hizi, naona kila moja ina ukweli katika eneo lake na hupotea inapovuka. Umma unahitaji uhuru wa kuiga. Biashara inahitaji kulipa. Mstari basi usichorwe kati ya hatua fupi na ndefu, ambao hata majaji wanauona kwa shida, uchorwe kati ya kucheza na kuuza. Anayeposti nyumbani, shuleni, harusini au kwenye maandamano yuko huru. Mchezo wa kompyuta unaouza staili, kampuni ya simu inayoiweka kwenye tangazo, msanii anayeipandisha jukwaani kila shoo na kuitumia katika video rasmi, hao walipe, kwani wanamjua mbunifu au wana uwezo wa kumtafuta. Idadi yao ni ndogo, wana bajeti, na wana kitu cha kupoteza.

Kuwezekana kwa jambo hili kunaonekana katika mgogoro wa hivi karibuni. Mwaka 2024 Kelley Heyer alibuni staili ya wimbo "Apple" wa Charli xcx. Mwaka 2025 aliishitaki kampuni ya michezo ya kompyuta ya Roblox akidai waliiuza ndani ya mchezo wao kabla mkataba haujasainiwa. Lililo muhimu kwetu ni kwamba, kwa maelezo ya mashitaka yake, kulikuwa na mazungumzo ya leseni kabla ya ugomvi, na kwamba Fortnite walikuwa wamekubaliana naye kuhusu staili hiyohiyo. Miaka sita baada ya Ribeiro kukataliwa, soko limeanza kuzinunua staili, na ugomvi umehamia kwenye swali la nani kakiuka utaratibu.

Kwa Bongo Fleva na muziki wa Kenya hatua ya kuanzia iko karibu zaidi kuliko mahakama ya California. Chalenji nyingi hazizuki zenyewe. Menejimenti huzipanga, huwapa madansa wimbo kabla haujatoka, na kuwapa posho ya siku moja. "Komasava" ya Diamond Platnumz ilipompata Chris Brown akiicheza mwaka 2024, kila mtu kwenye tasnia aliona staili inavyoweza kuufungulia wimbo wa Tanzania masoko ambayo redio zetu hazifiki. Wakati wa kumfikiria mtunzi wa hatua ni kabla ya kuposti, pale anapoitwa studio: karatasi moja inayosema staili ni ya nani, jina lake litaandikwa wapi, na atapata fungu gani ikiingia kwenye tangazo au mchezo. Mkataba wa namna hiyo hauhitaji kuthibitisha kwamba hatua nane ni utungo wa kisheria. Unahitaji sahihi mbili.

Pingamizi la kwanza ni kwamba msanii mchanga hana fedha. Kweli, na ndiyo maana ni bora kudai asilimia ya kitakachopatikana kuliko malipo ya mbele, asiyeuza hadaiwi. La pili ni kwamba madansa watakaodai karatasi wataachwa na wengine watachukuliwa. Hili ni zito, na mtu mmoja peke yake halimudu. Marini na Arinoti walikuwa vyama, na wanamuziki wa leo hukusanyiwa mirabaha kupitia taasisi za pamoja. Madansa wetu wengi hujadiliana kila mtu kivyake, mara nyingi kwa simu, usiku wa kuamkia kurekodi. La tatu linaihusu mitandao: itasema haiwezi kujua nani alianza. Haijaombwa kujua. Inaweza kumruhusu mwenye wimbo, anapousajili, kuandika pia jina la mtunzi wa staili rasmi, na jina hilo likae kwenye ukurasa uleule wa kisahani, karibu na la msanii. Kwa chalenji zilizopangwa, taarifa hiyo ipo tangu siku ya kwanza.

Linalobaki gumu ni staili zisizo na mtu mmoja: zile zilizokua Manzese au Tandale miaka kadhaa, kila kijana akiongeza kipande, kabla dansa mmoja hajazipeleka kwenye simu. Mkataba wa msanii na dansa huyo utamlipa aliyefikisha, na waliokuza watabaki nje. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi dhidi ya matumizi ya kibiashara yasiyo na kibali, lakini iliandikwa kwa ajili ya mila za jamii, na uwanja wa vigodoro, zile sherehe za usiku za mtaani, si kabila. Mpaka hapo patakapopatikana jibu, kitu kinachoweza kudaiwa kwa haki ni kidogo: tangazo linaloitumia staili ya mtaa litaje mtaa wake, na madansa watakaoonekana ndani yake watoke hukohuko.